Kutoitika si kufa

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Mama yako amenieleza kwamba barua ya chuo imefika, na kwamba umechagua kusomea ubongo, tena upande wa kuzitia rangi seli zake. Nilicheka peke yangu hadi jirani akachungulia dirishani. Katika ukoo huu wa walimu, mabaharia na wauza nazi, wa kunirithi kazi amepatikana! Simu haitoshi kwa maneno niliyo nayo, na macho yangu hayaniruhusu kungoja sana. Ndiyo maana naandika, kwa herufi kubwa na kalamu ya wino mzito. Ya baridi, ya pesa na ya wanaume utaambiwa na mama yako. Mimi nakuusia juu ya rangi tu.

Ubongo uliokatwa vipande vyembamba ukawekwa chini ya hadubini bila rangi hauonyeshi kitu cha maana. Utaona ukungu wa kijivu. Ndani ya ukungu huo, kwa binadamu, kuna niuroni bilioni 86 hivi, pamoja na seli za glia zinazokaribia idadi hiyo, zimesongamana na matawi yao yamefumana. Kwa hiyo karibu kila tunachokijua kuhusu umbo la niuroni na makazi yake kilipitia kwanza kwenye rangi ya mtu fulani, na kila rangi ina upendeleo wake. Mtu akikuonyesha picha ya ubongo bila kukuambia imetiwa rangi gani, muulize kabla hujaisifu.

Rangi ya kila siku ya hospitali, hematoksilini na eosini, ndiyo iliyonilisha mimi na kumsomesha mama yako. Hematoksilini hutokana na gogo la mti wa Campeche, Mexico, na kwa kutafuta uvimbe au kidonda sijaona ya kuishinda. Kwako haitatosha. Viini vyote vinageuka buluu, vingine vyote vinakuwa waridi, na matawi ya niuroni yanapotelea humo humo kwenye uwaridi. Wanafunzi wengi hushangaa wakiambiwa kwamba rangi inayoshika kila kitu haiwaonyeshi wanachokitafuta. Aliyelifumbua hilo ni Mwitalia, Camillo Golgi, na hapa nitakuchelewesha kidogo, kwa sababu kisa chake nimekipenda tangu ujana.

Golgi alikuwa daktari wa hospitali ya wagonjwa wasiotibika huko Abbiategrasso, mji mdogo karibu na Milano. Maabara hakuwa nayo. Alitumia chumba cha jikoni. Mwaka 1873 alitangaza njia yake: kipande cha ubongo kinafanywa kigumu katika daikromati ya potasiamu, kisha kinatiwa katika naitreti ya fedha. Kemikali hizo mbili zikikutana ndani ya seli hufanya chembe nyeusi za kromati ya fedha, na chembe hizo huijaza niuroni nzima, mwili, matawi na mkia wake mrefu, nyeusi tii juu ya uwanja wa njano. Ajabu ni kwamba huzishika niuroni chache tu, pengine moja katika mia au zaidi kidogo, na kuziacha jirani zake zote. Kwa nini hii na si ile? Hadi leo, mke mwenzangu, hakuna aliyelieleza jambo hilo likaisha. Lakini uchache huo ndio uliokuwa neema. Rangi ingezishika zote, angeona weusi mtupu.

Mhispania Santiago Ramón y Cajal alionyeshwa slaidi za namna hiyo huko Madrid mwaka 1887, akazichukulia kazi kwa bidii ambayo mimi sijaiona kwa mtu mwingine. Aliirudia dawa mara mbili juu ya kipande kile kile ili rangi ishike vizuri, na akatumia ubongo wa vifaranga na wanyama wachanga, ambao mikia ya niuroni zao bado haijavikwa ile ala ya mafuta inayozuia fedha kupenya. Mwaka 1888 alianza kuchapisha alichokiona: kila niuroni ni seli inayojitegemea, inamkaribia jirani yake bila kuungana naye. Golgi, mwenye rangi, hakukubali. Yeye aliona wavu mmoja usiokatika. Wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1906, na Golgi akaitumia hotuba yake ya tuzo kuipinga nadharia ya mwenzake aliyekaa pale pale. Ilibidi kungoja hadubini za elektroni za miaka ya 1950 kuonyesha ule mwanya mdogo kati ya niuroni na niuroni, na Cajal akawa ndiye aliyesema kweli. Mimi simdharau Golgi kwa hilo. Watu wawili wenye macho mazuri waliangalia weusi ule ule, kila mmoja akaona aliloamini. Kuwa na rangi nzuri mkononi hakumwondolei mtu kazi ya kufikiri.

Franz Nissl nitampitia haraka. Alikuwa Mjerumani, na rangi yake ilishika zile chembe zilizomo ndani ya mwili wa niuroni zinazotengeneza protini. Haionyeshi matawi, lakini inaonyesha miili yote, kubwa kwa ndogo, na namna ilivyopangwa kwa matabaka. Korbinian Brodmann aliitumia kuchora ramani ya gamba la ubongo mwaka 1909, na namba zake zinatumika hospitalini hadi leo. Utakuta maabara nyingi zinatumia kresili vayoleti kwa kazi hiyo. Vijana wenzako wataiita ya kizamani. Usiwasikilize, na nitakwambia sababu huko mbele.

Sasa nije Sweden. Unajua kwamba mwishoni mwa miaka ya sabini nilipelekwa huko kwa mafunzo, kwa ufadhili wa Waswidi, nikiwa nimemwacha mama yako kwa bibi yake. Kule ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza kwamba niuroni zinaweza kutambuliwa kwa kazi zinazofanya, mbali na sura zao. Mwaka 1962 Bengt Falck wa Lund na Nils-Åke Hillarp walikuwa wametoa njia ya kukigandisha kipande cha ubongo, kukikausha kikiwa kimeganda, kisha kukipitishia mvuke wa fomaldehaidi kwenye nyuzi joto 80 hivi. Mvuke huo hujiunga na dopamini, noradrenalini na serotonini zilizomo ndani ya seli, na zikimulikwa kwa mwanga unaofaa zinang'aa zenyewe: mbili za kwanza kijani, serotonini njano. Hapakuwa na rangi yoyote ya kumimina. Kemikali ya niuroni yenyewe ndiyo iliyojitangaza.

Mwaka 1964 Annica Dahlström na Kjell Fuxe walitumia njia hiyo kwenye ubongo wa panya, wakayapa makundi majina ya herufi na namba: A1 hadi A12 kwa zile za kijani, B1 hadi B9 kwa serotonini. Bado tunasema A9 tukimaanisha kundi la dopamini la sabstansia nigra, na A10 kwa jirani yake. Fikiria, mjukuu wangu, niuroni laki chache tu katika mabilioni, zimejificha chini ya ubongo wa kati, na zikipungua sana mtu anatetemeka mikono na miguu inamwia mizito. Konstantin Tretiakoff alikwisha onyesha huko Paris mwaka 1919 kwamba wagonjwa wa Parkinson wameharibika eneo hilo. Lakini kwamba seli hizo ni za dopamini, na mikia yao inaelekea wapi, kulihitaji mwanga wa kijani.

Njia ile ilikuwa na deko. Unyevu wa ile poda ya paraformaldehaidi inayotoa mvuke ulipaswa kuwa wa kiasi maalumu. Ukizidi, dopamini inatawanyika nje ya seli na picha inakuwa tope. Ukipungua, hakuna kinachong'aa. Na ukishaanza kuangalia, mwanga wenyewe unakula mng'ao. Tulifundishwa kupiga picha kwanza na kustaajabu baadaye.

Eneo hilo la A9 lina kichekesho chake. Kwa binadamu mzima huhitaji rangi kuliona: seli zake zimejaa melanini ya neva, na ukikata ubongo wa kati unaona mstari mweusi kwa macho matupu. Panya wa maabara hana weusi huo. Kwa hiyo mtu anayefanya kazi kwa panya lazima atie rangi, na hapo ndipo tunafika kwenye kingamwili, chombo utakachoshika zaidi kuliko kingine chochote.

Albert Coons wa Boston ndiye aliyeonyesha, mwaka 1941, kwamba kingamwili inaweza kubandikwa rangi inayong'aa ikabaki na uwezo wake wa kushika kitu chake. Tangu hapo tumejifunza kuziagiza dhidi ya karibu kila protini. Ukitaka niuroni za dopamini, unatafuta kimeng'enya kinachozisaidia kuitengeneza, tairosini haidroksilesi, ambacho maabara zote hukiita TH. Ukitaka za asetilikolini, unatafuta ChAT. Kwa zile za kuzuia, kuna GAD, na ndani yake koo ndogo ndogo: za parvalbumini, za somatostatini, na nyingine. Unakikata kipande chako kwa maikromita 30 au 40, unakiosha, unakizuia kwa seramu ya mnyama asiyehusika, unakilaza usiku kucha kwenye kingamwili ya kwanza katika baridi ya nyuzi 4, asubuhi unakipa ya pili inayoishika ya kwanza, kisha unaleta rangi: kahawia ya DAB au mng'ao wa rangi uliyoichagua.

Kutia kingamwili ni sawa na kupita mtaani usiku ukiita jina moja mlango kwa mlango. Wanaoitika ni wenye jina hilo, walio macho, waliokusikia. Mengine yote utakayosema juu ya mtaa huo ni yako mwenyewe.

Wanaoitika kwanza. TH haiko kwa dopamini peke yake. Niuroni za noradrenalini nazo zinayo, kwa sababu noradrenalini hutengenezwa kutokana na dopamini. Ukiona kahawia kwenye lokasi seruliasi, makao ya niuroni hizo za noradrenalini, ukaandika "dopamini", umeandika uongo kwa wino mzuri. Ndiyo maana watu makini huongeza alama ya pili: kimeng'enya kinachogeuza dopamini kuwa noradrenalini, au kile kibebaji kinachoirudisha dopamini ndani ya seli. Na kuna NeuN, iliyotoka mwaka 1992, ambayo utaisikia ikisifiwa kwamba inashika viini vya niuroni zote. Zote isipokuwa seli za Purkinje za serebelamu, na nyingine chache. Seli za Purkinje! Zile kubwa kuliko jirani zake zote, zenye matawi ambayo Cajal aliyachora kwa mahaba. Mwanafunzi asiyejua hilo atahesabu serebelamu kwa NeuN, aseme mnyama wake amezaliwa bila Purkinje. Kwa hizo tumia kalbindini.

Sasa wasioitika, na hapa ndipo palipo uzito wa barua hii.

Mtafiti anampa panya sumu ya MPTP, inayoshambulia niuroni za dopamini. Anatia TH, anahesabu, anaona nusu zimetoweka. Anaandika kwamba nusu zimekufa. Je, zimekufa? Niuroni iliyojeruhiwa inaweza kuacha kutengeneza TH ikaendelea kuishi. Mwili wake upo, kiini chake kipo, jina tu ndilo limefutika kwa muda. Ukihesabu TH peke yake utawazika walio hai. Basi unachukua vipande vya jirani vya panya yule yule, unavitia kresili vayoleti ya yule Nissl wanayemwita wa kizamani, unahesabu miili yote katika eneo lile lile. Hesabu zote mbili zikishuka pamoja, umeona kifo. TH ikishuka na Nissl ikibaki, umeona ukimya. Kwa mgonjwa, tofauti ya hayo mawili ni kubwa kuliko yote: aliye kimya anaweza kuamshwa.

Usidhani ni ubishi wa panya tu. Mwaka 1998 timu mbili ziligundua, kila moja kivyake, peptidi inayotengenezwa na kikundi kidogo cha niuroni katika haipothalamasi. Moja ikaiita haipokretini, nyingine oreksini. Binadamu ana niuroni hizo kama 70,000 tu. Mwaka 2000 kundi la Jerome Siegel la Los Angeles lilitia rangi ubongo wa marehemu waliokuwa na nakolepsi, ule ugonjwa wa kushikwa na usingizi mchana na wengine kuregea viungo wakicheka. Walikuta niuroni zenye peptidi hiyo zimepungua kwa asilimia 85 hadi 95. Mwaka huo huo kundi la Emmanuel Mignot la Stanford likatafuta ujumbe wa jeni ya peptidi hiyo katika ubongo wa wagonjwa, lisiuone.

Angalia walivyokuwa waangalifu. Katika eneo lile lile, zimechanganyikana na za oreksini, kuna niuroni nyingine zenye homoni iitwayo MCH. Walizitia rangi hizo nazo, wakazikuta salama. Maana yake kipande kilihifadhiwa vizuri, kingamwili ziliweza kupenya, na ugonjwa haukufagia mtaa mzima, umechagua. Bila kundi hilo la MCH, mtu angeweza kusema fomalini imekula kila kitu, na wasingekuwa na jibu.

Hata hivyo swali langu likabaki: wamekufa au wamenyamaza? Kundi la Los Angeles liliona makovu ya astrositi, dalili kwamba kuna seli zilizoharibika. Mwaka 2005 watafiti wa sehemu mbili tofauti walikwenda hatua moja mbele. Walijua kwamba niuroni za oreksini hubeba pia vitu vingine, dainofini na protini iitwayo NARP. Kama niuroni ziko hai na zimepoteza oreksini tu, dainofini na NARP zingebaki. Wakazitafuta, wakakuta nazo zimepotea. Hoja ya kifo ikapata nguvu. Ukiniuliza ni kazi gani ya kutia rangi ningependa kuwa niliifanya mimi, ni hiyo. Haikuwa na picha za kupamba ukuta. Ilikuwa na swali lililopangwa vizuri, na jina la pili na la tatu la kumwitia mtu asiyeitika la kwanza.

Na bado halijafungwa. Miaka ya karibuni wapo waliolifufua, wanaosema huenda baadhi ya jeni katika niuroni hizo zimefungwa tu, kama zipo. Mimi nadhani nyingi ya seli hizo zimekufa. Lakini nimefurahi kwamba kuna watu waliorudi kugonga mlango.

Kingamwili yenyewe nayo usiiamini kwa sababu ya maandishi ya chupani. Anayeiuza anataka kuuza. Clifford Saper, alipokuwa mhariri wa jarida kubwa la neva la Marekani, aliandika mwaka 2003 pamoja na Paul Sawchenko, kisha mwaka 2005 katika barua kwa wasomaji wake, kwamba kazi zinazoegemea kingamwili zisizothibitishwa zimekuwa nyingi mno, na akadai waandishi waonyeshe ushahidi. Watu walinung'unika. Alikuwa na haki. Kipande kisichopewa kingamwili ya kwanza kiwe daima kwenye trei yako, na ukiweza kupata mnyama aliyeondolewa jeni ya protini hiyo, mtie naye. Akiitika na jina hana, chupa ni ya kutupwa.

Ukifika kwenye ubongo wa binadamu, hasa wa wazee, jihadhari na lipofusini. Ni takataka za njano zinazojikusanya ndani ya niuroni kwa miaka, na zinang'aa zenyewe katika karibu kila rangi utakayoichagua. Nimeona vijana wakishangilia ugunduzi ambao ulikuwa uzee tu. Sisi wazee tunang'aa bila kuulizwa! Sudani nyeusi huupunguza mng'ao huo, na kipande kisichotiwa kitu kitakufichulia. Ubongo huo pia huwa umekaa kwenye fomalini muda mrefu, na fomalini hufunga protini hadi kingamwili isipate mahali pa kushika. Uchemshe kidogo kwenye sitrati yenye pH 6 kabla hujakata tamaa.

Ya kisasa utafundishwa na wanaoyajua. Protini ya kijani ya kiwavi-maji cha baharini, ambayo Martin Chalfie aliiwasha ndani ya niuroni za mnyoo mwaka 1994. Panya wa "Brainbow" wa Harvard wa mwaka 2007, ambao niuroni zao zinatoka rangi kadhaa kwa pamoja. Na ile ramani ya ubongo wa panya ya mwaka 2023 iliyogawa seli katika makundi zaidi ya 5,300 kwa kusoma ujumbe wa jeni. Ninavistaajabia. Ila panya hao wanaobuniwa ili seli fulani ziwake rangi nao wana uongo wao, kinyume cha ule wa kingamwili: mara nyingi alama ikiwashwa haizimiki tena, kwa hiyo seli iliyowahi kuitumia jeni hiyo tumboni mwa mama yake itaendelea kuitika jina la utotoni hadi uzeeni. Na makundi 5,300 ni mengi. Usiyakariri, uliza yametenganishwa kwa kigezo gani.

Kuna jambo la nyumbani. Watakwambia kazi hii haiwezekani kwetu kwa kukosa mashine. Lakini chukua kichaa cha mbwa, kinachothibitishwa kwa kutazama ubongo. Adelchi Negri, mwanafunzi wa Golgi huko Pavia, aliona mwaka 1903 vijiumbo vya ajabu ndani ya niuroni za wanyama waliougua, hasa kwenye hipokampasi na seli za Purkinje. Akadhani ni vijidudu, kumbe ni kirusi kinapojikusanya. Baadaye ikaja kingamwili inayong'aa, na hadubini yake ya bei ghali. Kisha Wamarekani wakatengeneza kipimo cha kingamwili kinachosomwa kwa hadubini ya kawaida, kwa saa moja hivi, na kati ya waliokijaribu mwanzoni wamo watu waliotumia sampuli za ubongo kutoka hapa Tanzania, nyingine zimehifadhiwa kwenye gliserini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 na yalilingana na kipimo cha bei ghali. Kwa hiyo mtu akikwambia kingamwili na ubongo ni mambo ya Ulaya, mwambie sampuli hizo zilitoka hapa kwetu.

Tatizo letu kubwa ni umeme. Kingamwili hazipendi kuganda na kuyeyuka mara kwa mara. Zikifika, zigawe siku hiyo hiyo kwenye vichupa vidogo vya kazi moja moja, andika tarehe na namba ya toleo, na kichupa kilichoyeyuka usikigandishe tena. Hadubini za mng'ao zina raha yake, lakini kahawia ya DAB utaiona kwa hadubini yoyote na itadumu miaka. Kama bajeti ni ndogo, anza na DAB.

DAB hiyo inashukiwa kuleta saratani. Glavu mbili, na maji yake yasiende kwenye sinki. Paraformaldehaidi ipashwe moto ndani ya kabati la mvuke tu, hata kama mwenye maabara amezoea kuifanyia dirishani. Mimi nilifanya kazi enzi za madirisha, na pua yangu haisikii harufu ya karafuu tena. Panya asiguswe hadi umehakikisha amelala kabisa. Ukimsukumia fomalini moyoni naye bado yuko macho, hakuna picha itakayokuhalalishia. Na kipande cha ubongo wa mtu kina familia iliyokubali kukitoa. Usikipige picha kwa simu ukaituma kwa wenzako.

Boksi la mbao lililo juu ya kabati langu ni lako. Slaidi za Nissl na za fedha bado nzima. Utaona panya yule yule kwa njia mbili, vipande vya jirani, namba zimeandikwa kwa penseli kwa sababu zailini hufuta kalamu. Zile za mng'ao za Sweden zimekufa zote, zitupe, ila vioo vyake uvioshe uvitunze, ni vizuri. Daftari la vipimo limeandikwa Kiswahili na Kiswidi mchanganyiko. Ukurasa wa kresili vayoleti una doa la chai, lakini kipimo cha asidi ya asetiki kinasomeka. Mwambie mjomba wako akufungie kwa taulo, asitumie magazeti, na boksi lisiwekwe kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Mimi bibi yako,
Tanga